Trekta Lililokwenda kwa Bibi Jirani Bila Dereva

Mwezi wa Septemba, wakati sisi wenye mikorosho huku Mikindani tunapofyeka nyasi ili korosho zitakapoanza kudondoka zionekane, trekta langu dogo la kukatia nyasi lilianza kuvuja oili. Ni trekta la mtumba, la zamani, na nililinunua kwa majivuno makubwa, nikamtangazia mke wangu kwamba vibarua wa kufyeka nimeachana nao moja kwa moja. Kila nilipoliegesha liliacha doa jeusi mchangani, nami kila asubuhi nililifukia doa hilo kwa mguu kabla mke wangu hajaamka.

Trekta hili halina gia za kubadilisha. Injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha pampu, pampu husukuma oili kwenye mota iliyomo ndani ya kasha hilohilo, na mota ndiyo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Ndani ya pampu kuna bamba linaloinamishwa kwa wenzo: ukisukuma wenzo mbele, trekta huenda mbele, ukiuvuta nyuma, hurudi nyuma, ukiuweka katikati, bamba husimama sawa, oili haisukumwi, nalo trekta hutulia. Oili ikipungua, unabaki na kiti chenye usukani. Langu lilikuwa limefikia hali hiyo: asubuhi lilipanda mteremko bila shida, lakini ilipofika saa tano, oili ikiwa imepata moto na kuwa nyepesi kama maji, lilisimama katikati ya shamba likinguruma bure.

Nilimwita shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tukafungua feni na puli, tukaikuta oili sili ya juu, yaani mpira unaozuia oili isivuje, imekakamaa kama ganda la korosho. Nilikwenda Mtwara mjini na sili ya zamani mfukoni, muuza vipuri akasoma namba zake, 17 kwa 35 kwa 7, akanipa mpya. Wiki moja baadaye ilivuja. Nikanunua ya pili, nikamlaumu muuzaji kimoyomoyo, nikaifunga kwa uangalifu wote, mdomo wenye springi ukiwa umeelekea ndani kwenye oili kama inavyotakiwa, kisha tukamimina oili mpya.

Ilibaki kutoa hewa iliyonaswa ndani ya oili. Kazi hii hufanywa magurudumu ya nyuma yakiwa yameinuliwa, nasi tuliliinua kwa jeki na kulilaza juu ya matofali ya saruji. Nyuma ya trekta kuna kifimbo cha kufungulia vali. Kikivutwa, oili hujizungukia yenyewe na magurudumu hayapati nguvu. Unawasha injini, unapeleka wenzo mbele na nyuma polepole mara tano au sita, unazima, unarudisha kifimbo, unawasha tena na kurudia. Neno la kushika hapo ni *unazima*.

Lazima nikiri jambo moja. Trekta hili lina swichi chini ya kiti, ambayo huzima injini dereva akinyanyuka. Swichi hiyo ilikuwa ikinisumbua, kwa hiyo miezi mingi nyuma nilikata nyaya zake na kuziunganisha, nikajiona fundi.

Basi injini ikawa inanguruma, kiti kitupu, wenzo nimeusukuma mbele na kuuacha hapo huku nikiinama kutazama kama sili inavuja. Haikuvuja hata tone. Kwa furaha nikapaza sauti, "Shemeji, rudisha hicho kifimbo!"

Shemeji ni kijana mtiifu. Alikirudisha.

Magurudumu yalizunguka kwa ghafla, matofali yakatoka kama meno ya mzee, na trekta likatua chini na kuondoka. Halikwenda kasi, lilikwenda mwendo wa mtu anayewahi msibani lakini hataki kuonekana anakimbia. Nililidaka kwa nyuma nikajaribu kulizuia, kandambili zangu zikabaki njiani, kwa maana mota ya oili haina habari na visigino vya mtu. Nikakimbia ubavuni ili nizime, nikaushika ufunguo, ukateleza. Mikono yangu yote ilikuwa imelowa oili ileile niliyoimwaga kwa juhudi tangu asubuhi.

Mbele yetu ulikuwa uzio wa makuti wa Bibi jirani, na nyuma ya uzio turubai lake la makopa ya muhogo yakikauka juani. Trekta lilipita kwenye uzio kama vile halikuuona, likapanda turubai, likalivuta nyuma yake kama bi harusi na shela lake, makopa yakimwagika kulia na kushoto, mpaka likafika kwenye mwembe. Hapo lilisimama pua shinani, magurudumu yakiendelea kuchimba, nami nikaufuta ufunguo kwa kanzu na kuuzungusha.

Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alilitazama trekta, akanitazama mimi, akauliza, "Mjukuu wangu, hili dude limekuja peke yake?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nimekuuliza, limekuja peke yake?"

Tukavuta kifimbo kile ili magurudumu yawe huru, watu sita tukalisukuma hadi nyumbani, na nilipokuwa nikilifuta ndipo nilipoliona tundu dogo la kupumulia juu ya kasha la oili. Lilikuwa limezibwa kwa udongo mkavu, laini, uliopangwa kwa ustadi: nyigu alikuwa amejenga kiota chake humo. Oili ikipata moto ilikosa pa kupumulia, ikajisukumia njia kwenye sili. Sili mbili, safari mbili za mjini na laana zote nilizompelekea muuza vipuri asiye na kosa zilitokana na mdudu. Nikalizibua kwa kijiti cha fagio. Nyaya za swichi ya kiti nilizirudisha jioni hiyohiyo kwa mwanga wa tochi, bila kuambiwa na mtu.

Bibi alikuja asubuhi kuchukua fidia, debe mbili za makopa, akiwa na debe lake mwenyewe. Alipima kwa kilele, akashindilia kwa kiwiko, akaongeza tena, na muda wote huo shemeji alikuwa amekaa juu ya kiti cha trekta, kwa amri yake Bibi, ili lisiondoke.