Kabla ya Angkor, panda mashua kwanza

Muulize mtu yeyote wa kwetu aliyefika Kambodia alikwenda kuona nini. Atakujibu Angkor Wat, lile hekalu kubwa la kale, kisha atakutolea simu uone jua likichomoza nyuma ya ile minara. Simlaumu, picha ni nzuri. Ubishi wangu ni na namna safari yenyewe inavyouzwa: unatua Siem Reap, mji ulio jirani na Angkor, kwa ndege, unazungushwa mahekaluni kutwa nzima juani, halafu unarushwa Vietnam ukanunue kofia ya majani iliyochongoka na kushangaa pikipiki. Hiyo ni safari iliyopinduliwa miguu juu. Mto ndio wa kuanza nao, hekalu lije mwisho, kwa sababu Angkor, mji mkuu wa kale wa wafalme wa Khmer, ilisimama kwa mchele na samaki, na vyote viwili vililetwa na maji.

Kwa hiyo anzia Ho Chi Minh, jiji la kusini mwa Vietnam ambalo wenyeji wengi bado wanaliita Saigon ingawa jina lilibadilishwa rasmi mwaka 1976. Mtu aliyezoea kuvuka barabara Kariakoo hatapata shida sana: unatembea polepole, husimami, hurudi nyuma, na pikipiki zinakupita kulia na kushoto. Posta kuu ya enzi ya Wafaransa ni ya kutazama, na kwa Mwislamu kuna msikiti wa katikati ya mji, wa mwaka 1935, uliojengwa na Waislamu waliotoka India Kusini. Jirani yake utapata chakula cha halali bila kuhangaika. Lakini usilale mjini hapo juma zima. Maduka makubwa hata Dubai yapo.

Panda basi uende Can Tho, katikati ya delta ya mto Mekong. Hapo ndipo roho yangu ilipotulia. Minazi, mashamba ya mpunga, ndizi, mafenesi, mitumbwi, watoto wanaooga mtoni. Mtu wa Rufiji angeshuka na kuanza kusalimia. Soko la mtoni la Cai Rang linataka uamke kabla ya alfajiri. Wafanyabiashara wa jumla wanakaa ndani ya vyombo vyao, na kila chombo kimesimamisha mti mrefu wa mwanzi mbele, na juu yake imefungwa bidhaa inayouzwa: nanasi, boga, kabichi, viazi. Hakuna haja ya kupiga kelele, mnunuzi anasoma miti akiwa mbali. Nguo zikianikwa hazihesabiki, ni za mwenyewe. Na ukiona kuti limening'inizwa juu ya mti, jua kinachouzwa ni chombo chenyewe. Nilicheka peke yangu nilipoelezwa hilo. Kuti!

Wapo watakaokwambia soko lile limekufa, nenda kwingine. Kweli limepungua. Barabara na madaraja yamechukua mizigo (daraja kubwa la Can Tho lilifunguliwa 2010), na asubuhi nyingine boti za watalii zinakaribia kuwa nyingi kuliko za mananasi. Hata hivyo nenda. Soko linalopungua lina la kukufundisha kuliko onyesho la ngoma hotelini.

Kutoka hapo panda juu hadi Chau Doc, karibu na mpaka. Watalii wengi wanapita tu, nami naona wanapoteza. Ng'ambo ya mto wanaishi Wacham, Waislamu, wenye misikiti yao ukingoni na nyumba za mbao juu ya nguzo ndefu kwa ajili ya mafuriko. Ukitoa salamu ya Kiislamu unajibiwa kama ndugu, na mkeka unatandikwa. Wazee wao walikuwa na dola yao, Champa, kwenye pwani ya Vietnam ya leo, na katika karne ya 12 walipigana na wafalme wa Angkor. Wakumbuke, utakutana nao tena mbele ya safari.

Chau Doc kuna boti za kwenda Phnom Penh. Unapanda Mekong, unashuka ukingoni kugongewa pasi, unaendelea. Kama utarudi Vietnam, hakikisha viza yako si ya kuingia mara moja tu. Sisi wenye pasi za Afrika Mashariki hatupendwi na maofisa wa mipaka kiasi cha kusamehewa hilo. Na Kambodia wanatumia dola pamoja na riel, sarafu yao, ila noti ya dola iliyochanika hata kidogo inakataliwa, hata na mwenye bajaji.

Phnom Penh nenda Tuol Sleng, shule iliyogeuzwa gereza la mateso wakati wa Khmer Rouge, wakomunisti waliotawala Kambodia 1975 hadi 1979. Nenda asubuhi, na siku hiyo usipange kitu kingine.

Mbele ya mji huo ndipo Mekong inapokutana na mto Tonle Sap, na hapa kuna jambo ambalo sikulijua vizuri hadi nilipolitazama ramani ikiwa mkononi. Msimu wa mvua wa huko Mekong inajaa kupita kiasi, maji yanausukuma Tonle Sap urudi nyuma, na mto unatiririka kuelekea ziwani badala ya kutoka. Ziwa la Tonle Sap linapanuka kutoka kama kilomita za mraba 2,500 hadi karibu 15,000, msitu unazama, na samaki wanaingia kula na kuzaana katikati ya miti. Mvua ikiisha, mto unageuka tena. Samaki hao ndio waliolisha mji wa Angkor.

Sasa nenda hekaluni, na uanze na Bayon, hekalu la mfalme Jayavarman wa Saba, si Angkor Wat. Watu wanapanda moja kwa moja juu kupiga picha na zile nyuso kubwa za mawe. Wewe baki chini, zunguka ukuta wa nje. Umechongwa mwanamke sokoni na mizani yake, wapishi na chungu, majogoo wanapiganishwa, na samaki wanaoogelea kati ya miti. Asiyepita mtoni atadhani fundi alikosea. Na katika michongo ya vita vya majini, wapiganaji wenye kofia zilizofunuka mithili ya ua ni Wacham, wale wale ambao wajukuu wao walikutandikia mkeka.

Tiketi ya siku moja ni dola 37, ya siku tatu ni 62. Chukua ya siku tatu, uone na Banteay Srei, hekalu dogo la mawe mekundu la mwaka 967, ambalo kwa nakshi linaishinda Angkor Wat yenyewe. Najua kuna watakaonipinga.

Wakala atakushauri Desemba au Januari, kukavu na baridi kidogo. Mimi nasema Novemba, maji yakiwa bado yamejaa, wakati wa Sikukuu ya Maji na mashindano ya mitumbwi mirefu Phnom Penh. Vyumba hupanda bei siku hizo, weka nafasi mapema.