Colchester 1648: Fairfax analaumiwa pasipostahili

Nyuma ya ngome ya Colchester, mashariki mwa Uingereza, ipo nguzo iliyosimikwa mwaka 1892 mahali walipopigwa risasi Sir Charles Lucas na Sir George Lisle, maofisa wa Mfalme Charles I katika vita vyake na Bunge, jioni ya tarehe 28 Agosti 1648. Jiwe la kaburi lao katika kanisa la St Giles limemtaja muuaji kwa jina: Thomas Fairfax, jemadari wa jeshi la Bunge, aliyeamuru wauawe kinyama ilhali wameshasalimu amri. Jiwe hilo liliwekwa baada ya ufalme kurejeshwa mwaka 1660. Mshindi wa mwisho ndiye aliyeandika.

Wanaomlaumu Fairfax wana hoja. Hapakuwa na jaji wala wazee wa baraza. Baraza la vita lilikaa mchana, na kabla ya giza hukumu ilikuwa imetekelezwa. Lucas aliuliza anauawa kwa sheria gani, na Henry Ireton, ofisa wa jeshi la Bunge, ndiye aliyesimama kumjibu. Lord Capel, mkuu mwingine wa upande wa Mfalme aliyezingirwa pamoja naye, hakuuawa pale; hatima yake iliachwa mikononi mwa Bunge. Naye alikatwa kichwa Machi 1649, ila baada ya kesi.

Sasa tutazame masharti yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopita mbio. Jeshi la Fairfax liliuzingira mji wiki 11, watu wakala farasi na mbwa. Waskoti waliokuwa wakimpigania Mfalme waliposhindwa Preston, kaskazini mwa Uingereza, katikati ya Agosti, tumaini la kuokolewa likaisha. Fairfax akatoa masharti ya aina mbili. Askari wa kawaida na maofisa wa vyeo vya chini waliahidiwa uhai. Maofisa wakubwa walitakiwa kujikabidhi mikononi mwake bila ahadi yoyote. Waliozingirwa hawakukubali gizani: waliomba wafafanuliwe, wakajibiwa kwa maandishi kwamba jemadari atakuwa huru kuwaua baadhi yao papo hapo akiona sababu. Wakatia saini. Kwa desturi za vita za karne ile, hayo yalikuwa mapatano halali, na aliyeyasaini alijua shingo yake iko wapi. Kusema waliuawa baada ya kuahidiwa uhai ni kuchanganya kundi moja na jingine.

Kwa Lucas kuna la ziada. Alitekwa mwaka 1646 huko Stow-on-the-Wold akaachiwa kwa ahadi ya kutoshika silaha tena dhidi ya Bunge. Ofisa aliyevunja ahadi ya namna hiyo alikuwa amejitoa mwenyewe katika kinga ya wanajeshi, maana kama ahadi ya mateka haina uzito, nani atamwachia mateka mwingine? Kwa Lisle ushahidi wa ahadi ni hafifu zaidi, na hapo lawama ina pa kushika. Wa tatu aliyehukumiwa, Bernardo Guasconi, aliokolewa na Utaliano wake: kumuua mgeni kungeleta kisasi kwa Waingereza walioko Italia. Haki ya siku ile, basi, ilipimwa pia kwa mizani ya siasa.

Kuhusu hadithi kwamba nyasi hazioti pale damu ilipomwagika: John Evelyn, mwandishi wa shajara wa zama hizo, alipita hapo mwaka 1656 na kweli akaona kipara. Miaka minane ya watu kuja kutazama na kukanyaga palepale inatosha kuua nyasi yoyote.

Anayetaka kumshtaki Fairfax ana shtaka zito kuliko hilo. Waliozingirwa walipowatoa nje ya kuta wanawake wenye njaa, yeye alikataa wapite, askari wake wakafyatua magobori kuwatisha warudi. Alihesabu kwamba midomo mingi zaidi ndani itamaliza chakula upesi. Kisha mji huo, ambao tangu mwanzo ulielemea upande wa Bunge na ukavamiwa na watu wa Mfalme, akautoza pauni 14,000 ili usiporwe. Nguzo ya 1892 inawakumbuka maofisa wawili waliokuwa wameingia Colchester kwa silaha. Wenyeji waliolipa faini hiyo hawamo.