Chapa ya lino na kompyuta: mpaka uwekwe wapi?

Mwanafunzi wa sanaa anayechapa kwa lino, yaani anayechonga picha kwenye bamba laini, kulipaka wino na kuligandamiza kwenye karatasi, huvutwa huku na kule. Wapo wanaomwambia achore moja kwa moja juu ya bamba, ashike patasi na achonge. Wapo wanaomwonyesha tabuleti na kumwuliza kwa nini ajichoshe wiki nzima kwa picha inayoweza kumalizika jioni moja. Pande zote mbili zina hoja, ila mara nyingi zinabishana juu ya kitu kisicho chenyewe. Cha kuamua ni kompyuta iingie katika hatua ipi, na itoke lini.

Faida yake kubwa iko kwenye kupanga rangi. Chukua ile njia ya kutumia bamba moja kwa rangi zote, ambayo mchoraji Picasso aliipenda: unachapa rangi nyepesi, unachonga zaidi, unachapa ya pili juu yake, na kuendelea hadi ya giza. Ukishachonga hakuna kurudi nyuma. Anayetaka chapa 20 safi huanza na karatasi 26 au zaidi, maana kila rangi itaharibu moja au mbili kwa kupishana mistari. Katika programu ya kuchorea, kila rangi inakaa kwenye safu yake. Unaificha, unaibadilisha, unaona mapema kwamba safu ya tatu itameza macho ya mtu uliyemchora. Nusu saa hiyo inaokoa bamba zima.

Lakini kioo cha kompyuta nacho ni mwongo. Kinaonyesha bluu ikifunika njano kabisa, wakati wino halisi huacha rangi ya chini ipenye kidogo, na bluu ile inatoka na ukijani. Hakuna programu inayochukua nafasi ya kuchanganya wino na kuujaribu kwenye kipande cha karatasi ileile utakayochapia.

Kuhamisha mchoro ndipo wengi wanapojikwaa. Ukitumia karatasi ya kaboni, picha lazima igeuzwe kwanza kwenye kompyuta, kushoto iwe kulia, kwa sababu kuchapa kutaigeuza tena. Ukitumia nakala ya printa ya leza na asetoni (kiyeyusho kama kile cha kuondoa rangi ya kucha), usiigeuze: unailaza kifudifudi juu ya lino, unasugua mgongo wake kwa kitambaa chenye asetoni kidogo, tona, ule wino wa unga wa printa, inashuka ikiwa tayari imegeuka. Anayegeuza huku na kulaza kifudifudi huku hugundua kosa siku ya kuchapa, pale maandishi yanaposomeka kinyume. Asetoni ikizidi, tona inatambaa na mistari inakuwa matope. Na madirisha yawe wazi.

Tatizo jingine ni unene wa mstari. Kwenye tabuleti unakuza picha mara nne, unachora unywele wa ndevu, unaridhika. Ukirudi kwenye saizi halisi, mstari ule una robo ya milimita. Lino imetengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani yaliyogandishwa kwa hewa, yakachanganywa na unga wa koki na wa mbao juu ya kitambaa cha juti. Ikiwa baridi au ya zamani, humeguka. Ukingo mwembamba hivyo unadondoka mbele ya macho yako. Pasha bamba joto kidogo, chonga kuta za mstari zikitanuka kuelekea chini kama kilima, kamwe usizichimbe kwa ndani. Na kabla ya yote, toa mchoro kwenye karatasi kwa saizi yake kamili.

Hoja nzito zaidi dhidi ya kompyuta ni kwamba mchoro uliokamilika mno unaigeuza patasi kuwa mashine ya kunakili. Tazama shavu lililochongwa vizuri: alama za patasi zinafuata mviringo wa mfupa, fupi karibu na jicho, ndefu zikishuka taya, na vijukwaa vilivyobaki kati yake vimeshika wino bila kupangwa. Uamuzi huo mkono huufanya ukiwa ndani ya lino. Brashi za kidijitali zinazoiga lino hurudia madoa yaleyale kila baada ya sentimita chache, na jicho hulinasa jambo hilo upesi kuliko tunavyodhani. Kwa maoni yetu, hamisha muhtasari na maeneo makubwa ya giza na mwanga tu. Yaliyobaki yaachie patasi.

Mashine ya leza inayochonga bamba yenyewe inafaa kwa herufi ndogo, basi. Kina chake ni kilekile kila mahali, na picha inapoteza uhai. Lino halisi inaivumilia. Plastiki ya vinyl haifai kabisa, kwani ikiungua hutoa gesi yenye sumu inayokula hata mashine.

Baada ya kuchapa, kompyuta inarudi kwa haki zote. Wino wa mafuta ungoje siku kadhaa ukauke, vinginevyo utapaka kioo cha skana. Skani kwa nukta 600 kwa inchi: chapa ya sentimita 20 kwa 30 itatoa takriban pikseli 4,724 kwa 7,087, zinazotosha hata kukuza mara mbili. Usikimbilie kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe tupu. Vile vitone vyeupe kama chembe za chumvi, vinavyotokea wino au mgandamizo ukipungua, hufutika, na kona zote zinakuwa laini kama sabuni.

Nakala itakayotoka hapo kwa printa iuzwe kwa jina lake: nakala ya kidijitali ya chapa ya lino. Ile 7/20 ya penseli chini ya picha, yaani chapa ya saba kati ya ishirini, ni ya karatasi zilizogusa bamba.