Konokono wa Tangini Wasifike Mtoni

Alfajiri ya Jumapili iliyopita nilipowasha taa ya tangi langu la samaki, nilikuta kishada cha mayai kimebandikwa kwenye kioo, sentimita chache juu ya maji, bado laini na chenye kunata, rangi yake kama chai ya maziwa iliyopauka. Konokono jike alikuwa ametoka majini usiku, akapanda kioo taratibu na kuyataga moja baada ya jingine. Nimewafuga katika nyumba yangu ya ghorofa hapa Buruburu kwa miaka minne, na bado nikikuta mayai huiacha chai ipoe nikitazama. Kwa kuwa ninawapenda, nina neno kwa wafugaji wenzangu wa Nairobi: mayai haya yasitupwe ovyo, wala konokono yeyote asiachiliwe mtoni.

Sisemi haya kwa hofu ya kubuni. Mwaka 2020 ilithibitishwa kwamba konokono aina ya Pomacea canaliculata, mwenye asili ya Amerika Kusini, ameingia katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kirinyaga, ambako hutafuna miche michanga ikiwa ndani ya maji. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai kwa kishada kimoja, mayai ya waridi inayong'aa ambayo yana sumu, hivyo wanyama wachache mno huyagusa. Huyo ni ndugu wa karibu wa konokono ninaowafuga mimi, Pomacea diffusa, na wakiwa wadogo ni vigumu mno kuwatofautisha. Ukimshika aliyekomaa, tazama mahali mizunguko ya gamba inapokutana: wa Mwea ana mfereji mwembamba uliozama, ilhali huyu wa nyumbani ana bega lililo bapa. Halafu mtie jani zima la mmea wa majini; wa Mwea atalimaliza, huyu wangu hupendelea mwani na majani yanayooza.

Kwa sababu hiyo ninaona ni kosa kwa muuzaji kumkabidhi mteja konokono katika mfuko wa plastiki huku akimwambia tu kwamba "huyu husafisha kioo". Wa kwanza kabisa niliouziwa hawakutajwa jina wala asili, na ilinibidi nisubiri mayai yao ndipo nijue nimeleta nini nyumbani. Mnunuzi ana haki ya kuambiwa jina la aina hiyo na mahali walikozaliwa. Wapo pia wanaookota konokono na majani kwenye mabwawa ili kuokoa fedha. Nawasihi waache, kwani baadhi ya konokono wadogo bapa wa maji yetu yaliyotulia, jamii ya Biomphalaria, ndio wanaobeba vimelea vya kichocho.

Anayetaka kuzalisha na azalishe, ila kwa kipimo. Maji ya mfereji yanayotoka milima ya Aberdare hayana chokaa nyingi, na mwaka wangu wa kwanza magamba yalianza kupauka na kuchimbika kwenye ncha. Niliyaokoa kwa maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa na kusagwa, na tangu hapo ukingo mpya wa gamba hukua laini na mzima. Maji mapya huyaacha yakae siku nzima ndani ya ndoo ili klorini ipungue, na dawa yoyote ya samaki yenye shaba haiingii tangini, maana shaba huwaua konokono. Acha pia nafasi ya hewa chini ya kifuniko, kwa sababu mayai yakizama hayaanguliwi. Kifuniko chenyewe kiwe kizito, kwani konokono hawa hutoroka.

Vishada ninavyovihitaji ni vichache, kimoja au viwili kwa mwaka. Vingine huving'oa siku hiyo hiyo, huviponda, huvifunga ndani ya karatasi na kuviweka kwenye friza usiku kucha kabla havijaingia kwenye taka. Cha Jumapili niliking'oa kwa ncha ya kadi ya plastiki, kikatoka kizima. Maji niliyoyabadilisha siku hiyo niliyachuja kwa kitambaa, kisha nikamwagia sukuma wiki zangu za kwenye makopo pale barazani, wala hayakupita kwenye mtaro unaoelekea mtoni.