Mboga Mama Kaahidi Laki Mbili

Kompyuta yangu ilikuwa haiumwi. Hilo naomba lieleweke kabla sijaendelea, maana hapa nyumbani wameshaanza kuisimulia habari hii kana kwamba mimi ndiye niliyekwenda kuomba mabadiliko. Sikuomba. Ilikuwa kompyuta ya mezani, nzito, na ukiiwasha unaweza kuinjika chai, ukainywa, ukaosha na kikombe, ndipo inakukaribisha. Lakini ikishawaka, imewaka. Na nyuma yake ilikuwa na tundu la pini 9. Humo umeingia waya, waya umekwenda kwenye kitako cha plastiki, na juu ya kitako kinakaa kidaftari changu cha umeme. Nabonyeza kitufe, kinalia tii-tii, ya huku yanakwenda kule, ya kule yanakuja huku, tumemaliza.

Vijana wakikiona kidaftari hiki wanauliza kama ni rimoti ya king'amuzi. Nilipewa na bosi wangu Mwingereza wakati mradi wetu unafungwa, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Ndani kina kalenda, anwani, orodha ya mambo ya kufanya na mahali pa kuandika maneno machache. Basi. Hakipigi simu, hakipigi picha, hakiniletei video za watu wazima wanaocheza jikoni. Kinatumia betri mbili za rimoti, na zinakaa wiki nzima na nyingine juu yake. Unakiandikia kwa kijiti cha plastiki, na herufi zake zina adabu yake: A, kwa mfano, unaiacha bila kile kimstari cha katikati. Nilichukua muda kuzoea. Sasa hata orodha ya sokoni naandika hivyo, na mke wangu ameshanunua vitu vya ajabu kwa sababu hiyo. Kampuni iliyokitengeneza siitaji. Nina watoto wanasoma, sitaki kesi.

Na msidhani kidaftari changu kilizaliwa peke yake. Waingereza wa Psion walitoa Organiser yao tangu 1984. Apple wakaja na Newton mwaka 1993, wakaizika 1998. Halafu kuna yule Jeff Hawkins wa Palm. Huyu bwana, kabla hawajatoa Pilot yao ya kwanza mwaka 1996, alichonga kipande cha mbao cha kuingia mfuko wa shati, akawa anatembea nacho. Ukimwomba miadi anakitoa, anajifanya anaandika juu yake, anakirudisha mfukoni. Watu huisimulia habari hii kuonyesha akili za jamaa. Mimi huisikiliza kwa wivu. Kile kipande cha mbao hakikuhitaji draiva, kile kiprogramu cha kukitambulisha kifaa kwa kompyuta. Hakuna asubuhi kiliyoamka kikamwambia Hawkins kwamba hakiitambui kompyuta yake. Palm wenyewe walinunuliwa na kampuni ya kompyuta ya HP mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.2, na mwaka uliofuata HP wakaachana na vifaa hivyo. Ubao bado upo.

Sasa mpwa wangu. Kijana mzuri, ana heshima, amesoma mambo ya kompyuta, na hilo la mwisho ndilo tatizo lake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, hii Windows 10 yako wameacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Virusi vitaingia."

"Vikiingia vitakaa wapi? Yenyewe imejaa."

Hakucheka. Mke wangu naye, badala ya kunitetea, akasema "msikilize mtoto." Mtoto mwenyewe ana ndevu. Wiki haikuisha kijana akaleta laptop yenye Windows 11, nyembamba, ukiitazama kwa ubavu huioni. Ile ya mezani akanihamishia mafaili yake kwenye flashi, kisha akaipeleka kwa fundi ikatolewe spea. Alinirudishia elfu arobaini na mfuko wa nyaya, akasema nimshukuru Mungu.

Nikachukua waya wa kitako changu nikaizunguka ile laptop. Tundu la pini 9 hakuna. Nikachukua sidii ya programu, nikaizunguka tena. Pa kuweka sidii hakuna. Nikamuuliza mpwa wangu, hii kompyuta mpya ina nini hasa? Akasema ina kasi. Kasi ya kwenda wapi, hakusema.

Sidii ikanakiliwa kwa jirani, ikaja kwenye flashi. Tunaifungua, laptop inatuambia kwa upole kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi humu. Kijana akaanza kunieleza. Eti ile programu ya kusakinishia, ya enzi hizo, ni ya biti 16, na Windows 11 ni ya biti 64 peke yake, na yenye biti 64 haiendeshi ya biti 16. Nikamuuliza kwa nini. Mimi nilifundishwa na mwalimu mwenye fimbo kwamba 16 inaingia kwenye 64 mara nne na hakuna kinachobaki. Akasema, "Mjomba, hii siyo hesabu." Kompyuta, siyo hesabu! Nikanyamaza, maana ada ya chuo nilichangia.

Tukaanza na waya. Kuna waya wa kugeuza, upande mmoja USB, upande mwingine pini 9, Kariakoo upo. Muuzaji akaniapia kwamba wangu ni orijino, wa feki anawauzia wengine. Nimefika nyumbani, tumeuchomeka, draiva ikaukagua ule waya, ikagundua chipu iliyomo ndani imeigizwa, ikagoma. Kumbe kuna draiva zinazofanya kazi ya uhamiaji! Nikarudi Kariakoo. Muuzaji akautazama waya, akautazama uso wangu, akasema, "Mzee wangu, waya ni mzima, feki ni hiyo draiva." Nilibaki nimesimama katikati ya watu wanaosukuma mikokoteni, natafuta jibu, sikulipata hadi leo. Ila alinibadilishia.

Huu wa pili ukakubaliwa. Laptop ikaupa namba: COM12. Programu yangu, ambayo imezaliwa wakati kompyuta ina milango ya kuhesabika, inajua kuanzia mlango wa 1 hadi wa 4. Kidaftari kinabisha hodi mlango wa kumi na mbili, mwenye nyumba anasikiliza mlango wa kwanza. Mpwa wangu akaingia huko ndani kwenye mipangilio, akabadilisha 12 ikawa 3. Hapo namsifu, ilimchukua muda mfupi kuliko kutafuta miwani yangu.

Lile la biti alilitatua kwa namna ambayo mpaka sasa naiona ni dharau. Alitengeneza kompyuta ya kufikirika ndani ya ile laptop, kompyuta isiyokuwepo, akaiwekea Windows XP ya mwaka 2001. Kikatokea kile kilima cha kijani na mawingu yake. Yaani tumeitupa kompyuta ya zamani, tumenunua mpya, na ili mpya ifanye kazi ya zamani tumeifungia ya zamani tumboni mwake. Nikauliza kama tungeweza tu kubaki na ile ya mwanzo. Kijana akajifanya simu yake inaita.

Sasa hapa sikilizeni vizuri. Mashine hizi mbili zikikutana, programu inakuuliza zifanye nini. Zinaweza kusawazishana, kila moja impe mwenzake asichokuwa nacho. Au kidaftari kishinde, kiandike juu ya vyote vilivyomo kwenye kompyuta. Au kompyuta ishinde, ifute vya kwenye kidaftari iweke vyake. Na kompyuta yenyewe siku hiyo vyake ni nini? Sifuri. Ilikuwa tupu, imezaliwa asubuhi ileile. Nikaona kidole cha mpwa wangu kinateremka kuelekea kwenye lile la tatu, miaka yangu yote ya majina, namba na madeni ya watu iko pale. Nilimkamata kiganja. Mke wangu alitoka jikoni akidhani tunapigana.

"Basi mjomba, tuliza moyo. Tutaingiza kwanza lile faili la majina kutoka kwenye flashi, halafu tusawazishe."

Likaingizwa. Tukabonyeza kitufe cha kitako. Tii-tii. Wallahi nilifurahi, nikamtuma mdogo wake soda.

Kilichotokea ni hiki, na nimekielewa baada ya kuelezwa na watu watatu. Kila jina kwenye kidaftari lina namba yake ya siri, na kwa namba hiyo mashine zinajua kwamba huyu wa huku ndiye yule wa kule. Majina ya kwenye faili yalipoingizwa upya yalipewa namba mpya. Kwa hiyo kidaftari na kompyuta walipokutana, hawakufahamiana hata kidogo. Kila upande ukaona wageni, ukawakaribisha wote. Kila mtu ninayemfahamu akawa wawili.

Na siyo wawili wanaofanana. Faili lilipoingizwa, safu ya jina la kwanza na safu ya jina la pili zilipishana. Kwa hiyo kwenye M nina Mama Mboga, na kwenye M hiyohiyo, chini zaidi, nina Mboga Mama. Fundi Bomba yuko kwenye F, na Bomba Fundi yuko kwenye B. Mjumbe Nyumba Kumi amezaa mtu anayeitwa Kumi Mjumbe Nyumba. Shemeji Tanga nilimpata kama Tanga Shemeji, na kidogo nimpigie kumpa pole, jina limekaa kimsiba.

Saa nayo ikaingizwa kwenye mkasa. Kidaftari changu mimi nilikiweka saa za kwetu. Jua likichomoza kinasoma saa 12, kikao cha saa 10 jioni nakiandika 10:00, kengele inalia, naondoka. Kijana kuona saa "imekosewa", akaisahihisha bila kuniambia. Kesho yake kengele ya kikao ikalia saa 4 asubuhi. Nikavaa koti, nikaenda ukumbini, nikamkuta mlinzi na kuku. Mlinzi akaniuliza kama mimi ndiye fundi wa viyoyozi.

Kikao chenyewe ni cha kamati ya harusi ya binti wa jirani yetu, na mimi ndiye mtunza orodha. Kila niliyempa kadi ya mchango yumo kwenye kidaftari, na chini ya jina lake nimeandika ahadi. Kazi yangu ni kuleta karatasi, wao wapange. Safari hii karatasi aliichapa mpwa wangu, akaifikisha kwa mwenyekiti mapema, kwa kasi ile ya kompyuta mpya.

Niliporudi pale jioni, saa 10 ya kweli, nikakuta watu wanapiga makofi. Mwenyekiti amesimama, karatasi mkononi, jasho la furaha. Ahadi zimevuka lengo mara mbili! Hajawahi kuona mtaa wenye moyo kama huu. Watu wa kamati ndogo ya chakula walishaongeza ndafu. Wa mapambo wamebadilisha rangi, maana ile ya kwanza ilikuwa ya watu wenye shida. MC amepanda bei palepale, na wamekubali.

"Ila," mwenyekiti akasema, "kuna majina nimeyaona mageni. Huyu Mboga Mama, aliyeahidi laki mbili, ni nani?"

Kabla sijafungua kinywa, bwana mmoja wa kamati ya usafiri akadakia, "Atakuwa wa upande wa bwana harusi. Wale ndio wana majina hayo." Watu wakakubali kwa vichwa. Mtu mwingine akasema Bomba Fundi anamfahamu, wamesoma wote.

Nikasimama kueleza. Nikaanza na tundu la pini 9. Nilipofika kwenye biti 16 mwenyekiti akaniomba nifupishe. Nikasema kwa kifupi, nusu ya watu hawa hawapo. Ukumbi ukazizima kidogo, kisha mwekahazina akacheka, akasema nusu ya watu huwa hawapo siku zote ikifika wakati wa kulipa ahadi, ndiyo maana kamati ina wafuatiliaji. Makofi tena. Hoja ikafungwa.

Tangu siku hiyo nafuta. Nakaa barazani na kijiti changu cha plastiki, naligusa jina, nachagua futa, nacho kinaniuliza kama ningependa nakala ya huyu mtu ihifadhiwe kwenye kompyuta. Kwa kila jina kinauliza. Nikisahau kuondoa ile alama ya kukubali, anakwenda kuhifadhiwa. Betri nazo zimebaki kidogo, na kidaftari hiki kumbukumbu zake zinaishi kwa betri: ukizitoa una kama dakika moja ya kuweka nyingine, ukichelewa unabaki na kitu cheupe. Rimoti ya king'amuzi ilishakaguliwa. Zilikuwa za kichina, zimevimba.

Mpwa wangu amepita jana. Anasema dawa ya haya yote ni mimi nihamie kwenye simu, kila kitu kitajisawazisha chenyewe hewani bila waya. Nikamwuliza chenyewe na nani. Mke wangu akasema nimwache mtoto ale.

Na kamati imenipa barua. Mimi, kwa kuwa ndiye ninayewafahamu wachangiaji wote, nimeteuliwa mfuatiliaji mkuu wa ahadi ambazo hazijalipwa. Orodha imepangwa kwa kiasi, anayedaiwa zaidi yuko juu. Mama Mboga alishalipa yake mwanzoni kabisa, taslimu, na risiti anayo. Kesho asubuhi naenda gengeni kwake kumwuliza habari za Mboga Mama.