Nilivyohamia kabatini kutafuta sauti

Kwanza tuelewane, mimi sauti ninayo. Siyo ya kuua mtu lakini ninayo, bafuni naimba mpaka mdogo wangu anayegongaga mlango ananyamaza kidogo kabla hajaendelea kugonga. Shida yangu ilikuwa moja tu, kila nikirekodi natoka kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa, afu pipa lenyewe liko nyumba ya tatu.

Haya mambo yote kayaleta Billie Eilish. Nilisoma kwamba yeye na kaka yake Finneas walitengeneza albamu, sehemu kubwa wakiwa chumbani tu kwa kaka mtu, na Januari 2020 albamu hiyohiyo ikabeba Grammy ya albamu ya mwaka. Nikakaa kitandani nikapiga hesabu, chumba ninacho, laptopu ninayo, maumivu ya mapenzi ninayo ya kutosha na mengine ya akiba, sasa nakosa nini? (Nilikuwa nakosa Finneas, ila hilo nimekuja kulijua baadaye.) Nikajichanga, nikanunua maiki ya kondensa, ile nene inayoning'inia kwenye vimpira, na saundikadi ya kuichomekea na hedifoni za kufunika sikio zima.

Siku maiki imefika niliitoa kwenye boksi kama mtu anapokea mtoto mchanga. Ina nembo inang'aa kifuani, chini ya nembo kuna kamchoro kadogo ka kopa, nikasema ona hawa watu walivyo na upendo, mpaka kopa wametuwekea. Nikaisimamisha kwenye stendi, nembo nikaigeuzia mlangoni ili nikisimama mlangoni nikapiga picha ionekane vizuri. Nikapiga picha kama 40. Nikachagua moja, nikaiposti, nikaandika kazi imeanza.

Na msije mkadhani nilikuwa mshamba wa hivi vitu. Nilikuwa nimeshasoma. Nilijua maiki za namna hii huimbii kichwani kama unalamba koni, unaimbia ubavuni, mdomo unakaa mbali kama shibiri hivi, sentimita 15 mpaka 20, na katikati unaweka kile kitambaa cha popu filta ili P zako na B zako zisilipuke. Nilijua inataka volti 48 kutoka kwenye saundikadi, kale kakitufe ukisahau kukabonyeza utaimba mpaka uzeeke na hakuna kitakachoingia. Vyote nilifanya. Tena ubavuni niliimbia kwa adabu zote. Ila maiki ina mbavu mbili bwana.

Basi nikarekodi teki ya kwanza, nikasikiliza. Mimi niko mbali huko nimejaa mwangwi, afu ndala za mdogo wangu zinazopita koridoni, pa, pa, pa, utasema kazivulia ndani ya sikio langu. Nikasema ah, kondensa hizi ndo zilivyo, zina masikio makali. Nikarudia, kule nje mtu akafunga bomba, na bomba likaingia safi. Mimi sijaingia.

Nikasoma tena, na kila ninaposoma naambiwa ni chumba. Kuta tupu zinarudisha sauti, kwa hiyo maiki inakusikia wewe na inasikia na ukuta unakurudia, sauti inakuwa kama mtu yuko darasani peke yake. Na ni kweli kabisa, sibishi, chumba kikiwa kitupu hata maiki ya bei mbaya haikusaidii. Kwa hiyo nikaanza vita na chumba. Nikakusanya trei za mayai, nikabandika ukuta mzima kwa gundi, mama akaingia akaangalia juu akaangalia chini akauliza, "Kuku wanakuja lini?" Nikamwambia mama hii ni akustiki. Akasema haya, hao akustiki wakishataga aitwe. Na trei za mayai zenyewe ni uongo mtupu, zinagusa kidogo hizo sauti nyembamba za juu basi, mzito wa chini unapita kama hauzioni, na kelele za nje ndo hazina habari nazo kabisa. Gundi nayo ilipotoka ilitoka na rangi ya ukuta.

Dawa ni kitu kinene. Blanketi, duveti, makoti. Na kwa kuwa maiki ya aina hii inasikiliza zaidi upande mmoja, kinachotakiwa kuwa kinene kuliko vyote ni kile kilicho nyuma ya mwimbaji, maana ndiko maiki inakokutazama. Nilivyolielewa hilo nikaangalia kabati langu la ukutani, nikaliona studio.

Nikahamia kabatini.

Naomba mnielewe mpangilio wake. Mimi nimeingia ndani, mgongo umezama kwenye makoti, uso unaangalia mlango wa kabati, maiki iko katikati yangu na mlango, nembo inaangalia nje vilevile maana picha za kabatini nazo zilikuwa zinahitajika. Laptopu ilibidi ibaki kitandani, feni yake ikianza kuunguruma ni kama jenereta. Sasa waya wa maiki na waya wa hedifoni lazima vipite, kwa hiyo mlango haufungi, unabaki wazi kama vidole vitatu. Na kwa kuwa laptopu iko nje, kila teki naanza hivi: nabonyeza kurekodi, nakimbia, naruka kizingiti, nainama nisigonge bomba la hanga, najizungusha, navaa hedifoni, na biti inakuwa imeshafika kwenye mstari wa pili. Ikabidi niweke sekunde 20 za ukimya mwanzoni mwa biti kwa ajili ya safari. Teki ya nne hanga ilinasa kola ya shati kwa nyuma, nikaimba vesi nzima nimesimamia vidole kama nguo inayosubiri pasi. Joto ndo usiseme, na zile dawa nyeupe za kuzuia wadudu zilizokuwa mfukoni mwa koti zilikuwa zinanipandisha chafya kila nikivuta pumzi ya kiitikio.

Halafu kuna friji. Friji lina mlio wake wa chini ambao mchana huusikii, usiku ukiwa na maiki unasikia kama mtu mzima anaguna. Nikawa nalizima. Wajanja wanashauri ukizima friji uweke funguo zako ndani yake, ili usitoke nyumbani bila kuliwasha. Nikaweka. Asubuhi nikatafuta funguo masaa mawili.

Sasa hapa kuna kitu lazima nikieleze la sivyo hamtaelewa ilikuwaje sikusikia. Nikijisikiliza kwenye hedifoni sauti yangu ilikuwa inachelewa, nasema "mpenzi" afu kuna jamaa kama mimi nyuma kidogo naye anasema "mpenzi". Bafa ya programu, yaani vile vipande vya sauti (sampuli) ambavyo laptopu inavikusanya kwanza kabla ya kuvipitisha, ilikuwa 1024, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde hiyo ni kama milisekunde 21 kuingia na nyingine kama hizo kutoka, inatosha kumchanganya mtu. Ningeishusha mpaka 128 yangekwisha. Mimi nikafanya la kwangu, nikajizima kabisa nisijisikie, nikaacha biti tu, nikaipandisha juu. Na kwa kuwa kila teki sauti yangu inatoka ndogo, kila siku naongeza kidogo geini, kile kitufe cha saundikadi kinachokuza sauti ya maiki. Mpaka wiki ya tatu geini ilikuwa imegota mwisho, kitufe hakizunguki tena.

Usiku wenyewe ilikuwa teki ya 17. Jamani, mtu unajuaga. Kuna teki unaimba na kuna teki inakuimba wewe. Nilifumba macho, jasho linatiririka mpaka kwenye kope, ile sehemu ya "usiniache" sauti ikavunjika yenyewe bila kuivunja, nikatokwa na machozi ya kweli kabatini mle, nikaegemea makoti biti ikaisha taratibu. Nikatoka nimelowa. Sikusikiliza hata, nikatoa faili palepale nikamtumia rafiki yangu prodyuza, nikamwandikia, "Usiguse sana. Iache na hisia zake."

Ndo nikaketi sasa nisikilize kwa raha zangu. Cha kwanza nilichoshangaa ni ile michoro ya sauti kwenye skrini. Mahali ninapoimba ni kamstari kembamba kama uzi. Mahali niliponyamaza, kati ya vesi ya kwanza na kiitikio, ni milima. Nikasema labda ni pumzi, mimi huwa navuta pumzi kwa hisia. Nikabonyeza.

Mimi kwa mbali, kama mbu aliye chumba kingine. Kisha bangili. Bangili za mama, moja moja, ungeweza kuzihesabu. Kisha mama mwenyewe, mzito, laini, kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

"Friji nani kazima?"

"Kaka. Anarekodi."

"Yuko wapi?"

"Kabatini."

Kimya. Unasikia mama anavuta pumzi, unasikia mpaka mate anavyomeza. Mbu anaendelea huko nyuma.

"Hivi huyu analia au anaimba?"

"Hapo anaimba mama. Kulia ni kwenye kiitikio."

"Na huyo anayemwambia asimuache ni nani?"

"Alishamuacha."

"Aah." Bangili. "Sasa si angemwambia mapema."

Hapo ndo kiitikio kikaingia, na kwenye hisia zangu zote zile, machozi yote yale, kinachosikika ni mdogo wangu anazuia kicheko kwa mkono na mama anamwambia shh, mwache amalize, ila friji naliwasha.

Nilirudisha nyuma mara tatu. Siyo kwa aibu, aibu ilikuwepo lakini haikuwa hiyo. Kilichonikaa ni kwamba hawa watu walisimama nje ya kabati, kwenye ufa wa vidole vitatu, na wameingia kama wako studio ya redio. Mimi niliyekuwa shibiri moja kutoka kwenye maiki sijaingia. Nikamwita mdogo wangu, nikijua kabisa najipeleka mwenyewe machinjioni. Akaja, akachungulia kabatini, akaangalia maiki, akaniangalia mimi.

"Kaka, we huwa unasimama wapi?"

"Humo ndani."

"Sa mbona maiki inaangalia nje?"

"Maiki inaangaliaje, ina macho?"

"Si hii nembo ndo uso wake? Kuna kitu gani kinawekwaga nembo mgongoni?"

Nikataka kubisha, nikaona kopa. Ile kopa. Nikaenda kusoma karatasi iliyokuja kwenye boksi, ile ambayo mtu mzima huwa hasomi, na kopa siyo upendo. Ni ramani ya masikio ya maiki. Mbele inasikia kila kitu, pembeni inasikia kiasi, mgongoni ni kama haikujui, na kimchoro kinawekwa upande wa mbele ili mwimbaji mwenye akili aone pa kuelekeza mdomo. Wiki tatu nzima nimemwimbia mtu aliyenipa mgongo. Tena kwenye wimbo wa kuachwa.

Basi nikaigeuza. Mdogo wangu akabaki nje kwenye laptopu kubonyeza, safari hii nikasema nijisikie kidogo kwenye hedifoni, nikajipandisha juu, nikavuta pumzi ya tumbo, nikaachia "mpeee". Sasa mtakumbuka geini ilikuwa imegota mwisho. Sauti inatakiwa ikipanda sana iishie kama desibeli -10 hivi, maana sifuri ndo mwisho wa kipimo, hapo unabaki na nafasi ya kupumua. Mimi niliigonga sifuri nikataka kutokea upande wa pili, taa nyekundu, na kwenye digitali ukishagonga sifuri sauti imepasuka hiyo, hakuna plagini, vile viprogramu vya kurekebisha sauti, itakayoishona. Ila hayo ya taa nilisimuliwa. Mimi nilichosikia ni bati limedondoka ndani ya kichwa. Nikaruka juu, kichwa kikagonga bomba la hanga, bomba likachomoka upande mmoja, na makoti yote, maduveti yote, blanketi zote nilizozikusanya kwa ajili ya sanaa zikashuka juu yangu taratibu kwa mpangilio, la mwisho likiwa lile lenye dawa za wadudu mfukoni.

Huko chini nikapiga chafya. Mdogo wangu anasema hiyo chafya imerekodiwa vizuri sana, -10 kamili.

Bado nahangaika kujifukua simu ikalia. Prodyuza katuma voisi noti. Mdogo wangu bila kuniuliza akaiweka spika, na mama alikuwa ameshafika mlangoni kuuliza nini kimeanguka.

"Mwanangu, nimesikiliza. Sasa we sauti yako hata niipeleke hospitali haiponi, uko mbali sana, sijui ulikuwa uani. Ila huyo mama wa katikati ni moto, hata ekwalaiza sijamgusa. Anarekodia studio gani?"

Mama akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akasema nguo zikunjwe zirudishwe kabatini, akaondoka zake. Lakini nimeanza kuona kitu, siku hizi nikiwa humo ndani narekodi, akipita nje ya kabati anapunguza mwendo, anazivuta bangili juu zisigongane, na kabla hajaniita anakohoa kwanza kidogo, anasafisha koo.