Nani amtunze dada, watunzaji wakishakuwa wazee?

Kuna kizazi cha wanawake Mombasa ambacho hakizungumzwi sana. Ni wale waliopooza kwa polio wakiwa watoto miaka ya 1950 na 1960, kabla mpango wa taifa wa chanjo haujaanza mwaka 1980. Wengi hawakuolewa. Walibaki nyumbani, mama akawaosha na kuwalisha, na mama alipofariki kazi ikamwangukia dada mkubwa. Leo huyo dada mkubwa ana miaka sabini na kitu, ana sukari na presha, na magoti yamekataa. Isitoshe, polio ina kisirani chake: miongo kadhaa baadaye misuli iliyokuwa imesalimika nayo huweza kuanza kulegea. Aliyekuwa akijikongoja kwa magongo ujanani, uzeeni anataka kubebwa. Mbebaji ndiyo kwanza nguvu zinamwishia.

Hapo ndipo ndugu hugawanyika. Upande mmoja husema dada hatoki nyumbani ng'o. Upande wa pili husema wazee wawili hawawezi kuachiwa wauguzane, atafutwe mtu wa kulipwa au dada ahamishiwe kwa wapwa, Kisauni au Likoni.

Hoja kubwa ya upande wa kwanza ni stara, na mimi siichukulii kwa wepesi. Mwanamke wa miaka sitini na tisa aliyezoea kuogeshwa na dadake hataki kuvuliwa nguo na msichana aliyekuja juzi. Tena nyumbani ana watu wake. Ukikaa dirishani Kibokoni, Mji wa Kale, unamjua muuza mahamri kwa sauti yake, unajua nani kafiwa na nani kaposwa, na jioni hukosi jirani wa kupanda kukujulia hali. Mhamishie chumba cha uani ng'ambo, umemlisha na kumvisha, lakini umemnyang'anya mtaa mzima.

Ila stara hiyo hiyo ndiyo kichaka cha wanaume. Kaka hawezi kumuogesha dadake, hilo limekubalika. Basi kaka huja Ijumaa na kilo mbili za sukari, akakaa barazani, akaombewa dua, akaenda zake. Kama mikono yake haifai kwa kazi hii, mfuko wake umezuiwa na nini? Kwenye vikao vya familia swali hili huwa halifiki mezani, kwa sababu mwenye kuongoza kikao ni yeye.

Upande wa pili nao una haki yake, na haki yenyewe inaonekana mwilini. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani anatakiwa kugeuzwa takriban kila saa mbili, usiku na mchana, ama sivyo ngozi ya kiunoni na visiginoni huanza kuwa nyekundu, ikachubuka, ikawa kidonda kisichopona upesi. Nimemwona bibi mmoja akimgeuza nduguye: anapitisha leso chini ya mgongo, anashika pindo mbili, anavuta huku goti ameliegemeza kwenye mfumbati wa kitanda, kisha anakaa chini kutafuta pumzi. Saa nane za usiku hafanyi hivyo, hata akiwa na mapenzi ya namna gani. Na zile nyumba za ghorofa za Mji wa Kale, ngazi zake ni za mbao na zimesimama wima. Kumteremsha mgonjwa kwenda kliniki ni kuita vijana wawili wa barazani wambebe juu ya kiti cha plastiki. Vijana wasipopatikana, kliniki hakuna.

Lakini wanaopendekeza mtu wa kulipwa hawasemi nani atalipa. Ruzuku ya serikali ya Inua Jamii kwa mwenye ulemavu mkubwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi, hupitia kwa mlezi aliyeandikishwa, na haitoshi hata pampasi za watu wazima na madumu ya maji ya mkokoteni. Kwa hiyo "mtu wa kulipwa" huishia kuwa mpwa wa kike aliyemaliza shule na hajapata kazi. Anaambiwa atapata thawabu. Thawabu atapata, inshallah, ila miaka inakwenda, na wenzake wanafungua vibanda vya biashara.

Mimi naona dada abaki kwake, na mpwa alipwe mshahara wa mwezi unaojulikana, kaka wakitoa fungu kubwa. Najua jibu litakalokuja: damu haiuzwi. Sawa, lakini mbona mwalimu wa chuo, yaani madrasa, tunampa ada, na hakuna anayesema tumenunua Kurani? Mshahara hauondoi mapenzi. Unampa mpwa haki ya kusema leo nimechoka, na unampa shangazi yake haki ya kudai aoshwe vizuri.

Lililobaki ni nyumba, na hili huahirishwa mpaka maiti imeshatoka. Ulemavu haumpunguzii dada fungu lake la urithi wa baba. Fungu hilo liandikwe na litajwe. Tatizo ni siku dada mkubwa atakapofariki. Kwa sheria ya Kiislamu, akiwa ameacha mtoto wa kiume, nduguye harithi kitu. Wakati huohuo, kwa kuwa si mrithi, inajuzu kumuusia hadi theluthi ya mali. Mlango uko wazi, ni watu tu hawapiti. (Familia za Kikristo zina njia nyingine: Sheria ya Urithi, kifungu cha 29, inamruhusu ndugu aliyekuwa akitunzwa na marehemu kudai sehemu kama tegemezi.)

Wasia huo utafaa zaidi ukiandikwa dada mwenye ulemavu mwenyewe akiwepo. Kwenye kikao kimoja nilichohudhuria kaka walibishana saa nzima kuhusu Kisauni. Dada mwenyewe alipoulizwa alisema hana neno na kuhama, mradi apate chumba cha chini chenye mlango wa barabarani, na aje yule mpwa mdogo, si mkubwa, kwa sababu mkubwa ana mikono ya haraka. Kodi ya chumba kama hicho ndiyo hesabu wanayopaswa kuipiga sasa.